Vitambaa Alivyoviona Shomari

Katuba, Elisabethville,
Alhamisi, wakati wa baridi.

Kwa mke wangu Mwamini binti Juma, Mama Asha, uliyeko Ujiji kwa mama yako.

Kabla ya yote pokea salamu zangu, na Mungu aiweke salama nyumba uliyomo na wote mliomo. Mama anaendeleaje na mguu wake? Kile kidonda cha kisigino kimefunga, au bado anakataa kukiosha kwa maji ya chumvi? Asha na mumewe hawajambo? Na wewe mwenyewe, kifua chako kinakuacha ulale msimu huu wa upepo? Mimi sijambo, kwa kiasi nitakachokueleza. Safari hii nitaeleza chote.

Barua hii nimeiandika kwa herufi za Kiarabu kwa makusudi, ingawa siku hizi mkono wangu umezisahau kidogo. Nataka uisome mwenyewe, kama ulivyofundishwa chuoni kwa marehemu baba yako, bila ya kumwita mkwe wetu akusomee. Najua yeye ndiye aliyekuandikia ile yako, maana herufi za Kizungu wewe huziandiki. Mwandiko wake ni mzuri, mpe hongera. Lakini haya ni ya kwetu wawili. Ingia chumbani, funga mlango, soma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Barua yako niliipata Jumatano ya wiki iliyopita, mkononi mwa dereva wa lori aliyetoka upande wa Rhodesia. Umeanza hivi: "Kwa Ramazani." Nikageuza karatasi nikidhani nimeshika barua ya mtu mwingine. Tangu tuoane hujaniita kwa jina langu hata mara moja. Nimekuwa Bwana, nimekuwa Baba Asha, na siku za ugomvi nimekuwa "huyo mtu." Ramazani ni jina analoniita mpokea kodi. Hapo nikajua kuna jambo.

Kisha umeandika habari za binamu yako Shomari, na naandika tena maneno yako hapa ili ujue nimeyasoma sawasawa: "Shomari amerudi salama na ana macho. Ameona uani kwako kamba nzima ya nguo za mtoto mchanga. Ameingia ndani akakuta kunanukia poda. Ameona mwanamke anaingia na sufuria bila ya kupiga hodi. Miaka miwili unaniandikia usije, njia imefungwa, kumbe njia imefungwa na mtoto. Hongera. Niandikie talaka yangu kwa mkono wako, nawe uilete kwa njia hiyohiyo iliyofungwa."

Mama Asha, ulimi wako haujazeeka.

Jibu langu ni fupi, maelezo ndiyo marefu. Hakuna mtoto. Hakuna mke mwingine. Vile vitambaa ni vyangu. Nimevishona mwenyewe, navivaa mwenyewe, na navifua mwenyewe. Ni winda. Mumeo, fundi Ramazani, ambaye amewashonea suti makarani wa mji huu, anafunga winda kama mtoto.

Basi, nimeshaliandika, na nyumba haijaniangukia. Sasa nikueleze lilivyotokea.

Ugonjwa wenyewe ulianza ungali hapa. Unakumbuka ulivyokuwa ukinicheka kwamba nakwenda uani kama mtu mwenye shamba huko nyuma, na kwamba nikifika nakawia kama niliyekwenda kuvuna? Nilikuwa nacheka nawe, lakini nilikuwa nasimama pale mkojo hautoki. Unatoka kidogo, unakatika, unadondoka, nageuka kurudi nahisi bado upo. Ulipoondoka kwenda kumwuguza mama, na siku chache baadaye Katanga ikajitangaza nchi ya peke yake, nikasema ni wasiwasi tu. Hapa kila mtu alikuwa na wasiwasi. Fedha ikabadilika, stempu zikabadilika, reli ya kwenda ziwani ikakatika, watu wakapigana mjini. Nani angekwenda kwa daktari kusema mimi mkojo wangu ni mwembamba?

Mwaka huu, mvua zilipokuwa zinakaribia kuisha, mkojo ukaziba kabisa. Nilikuwa barazani kwenye cherehani, nashona bendera mpya ya Katanga. Usinicheke, ndiyo kazi iliyopatikana. Ina misalaba mitatu ya rangi ya shaba, na misalaba ile ni migumu kushona kwa sababu pembe zake zinakunjamana. Tangu alfajiri nilikuwa nimekwenda uani mara nyingi na sikupata hata tone. Kufika adhuhuri tumbo lilikuwa limevimba chini ya kitovu, gumu, na jasho linanitoka. Sikuweza kukanyaga pedali ya cherehani. Nilijiinamia juu ya ile bendera nikawa nalia kwa sauti, nami nakuambia bila ya haya kwamba nilimwita mama yangu, ambaye amekufa zamani.

Aliyenisikia ni jirani, Mama Kapinga. Huyo ndiye mwanamke wa sufuria, kwa hiyo msome vizuri. Ni Mluba wa Kasai, ana mume na wajukuu, na umri wake ni sawa na wa dada yako mkubwa. Walihamia nyumba ya pili baada ya wewe kuondoka. Akamwita mumewe, wakaniweka kwenye toroli la kubebea mchanga, wakanisukuma mpaka barabara kubwa, na huko tukapata gari la mtu hadi hospitali. Ukiniuliza aibu yangu ya kwanza ni ipi, ni lile toroli. Watoto walitufuata.

Hospitalini daktari Mzungu alinibonyeza tumbo mara moja tu, akasema neno, wakaniingiza mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo. Sitakueleza maumivu yake. Lakini mkojo ulipoanza kutoka, ukajaza bakuli, ukajaza la pili, niliushika mkono wa yule muuguzi nikaubusu. Muuguzi ni kijana wa Kiluba wa huku, anaitwa Ilunga. Yeye ndiye aliyekuwa akinigeuzia Kifaransa cha daktari. Akaniambia, "Baba, iko kintu sawa njugu chini ya kibofu, kila mwanaume iko nayo. Ya kwako imekomaa, imekuwa sawa limau. Inafunga njia. Docteur anasema lazima kutosha."

Nikamwuliza, wakiitoa mkojo utapita?

"Utapita, baba. Kupita si shida."

Shida yenyewe hakuitaja, na mimi sikuuliza. Nilikaa na mpira siku kadhaa wakingojea damu yangu itulie, kisha wakanipasua. Walinichoma sindano mgongoni, miguu ikafa, nikawa macho nasikia vyuma vinagongana kwenye sinia. Wamenikata chini ya kitovu, kovu lina urefu wa shubiri. Fundi aliyeshona alikuwa na haraka, mishono yake imepishana. Nilimwambia Ilunga hivyo, akacheka mpaka akakaa kitandani.

Siku za kwanza chupa ilikuwa nyekundu, kisha rangi ya chai, kisha maji. Nikafurahi. Ndipo wakaja kuutoa mpira. Nilisimama, Mama Asha, na kabla sijachukua hatua ya pili miguu yangu ilikuwa imelowa. Sikuhisi kwamba nakojoa. Nilihisi joto tu. Nikasimama pale katikati ya wagonjwa, nimeshika kanzu, naangalia sakafu kana kwamba ni mtu mwingine aliyefanya vile. Ilunga akaleta tambara akapangusa, akaniambia kwa sauti ndogo, "Usisikie haya. Iko vile kwa bantu yote. Mulango ilizoea kusukumwa, sasa njo inasahau kufunga. Itajifunza pole pole."

Nikarudi nyumbani na mlango usiojua kufunga. Kwanza nilifanya ujinga, nikaacha kunywa maji. Nilijiambia, nisipotia hakitatoka. Nikawa nakunywa kikombe kimoja tu siku nzima. Kumbe mkojo ukawa mzito, ukaanza kunichoma kama pilipili na kunuka, nikapata homa. Kurudi hospitali, Ilunga akanigombeza mbele ya watu: "Weye ni mukubwa, unafanya mambo ya kitoto! Unywe maji! Mayi njo inaosha!" Nikanywa dawa na maji. Akanifundisha na zoezi, ambalo kwa heshima yako nitalieleza hivi: unakaza kule chini kama mtu aliye msikitini ambaye tumbo limejaa upepo na hataki kuvunja udhu wake. Unakaza, unaachia, unakaza. Nafanya hivyo nikiwa kwenye cherehani. Wateja wananiona nimenyamaza nimekunja uso, wanadhani napima kitambaa kwa macho.

Halafu nikashona. Nilijaribu matambara ya kawaida, yakawa yanateleza na kuanguka. Mimi ni fundi, nikasema siwezi kushindwa na nguo ya kiunoni. Nilichukua amerikani kuukuu nikaikata vipande, kila kimoja mikunjo minne, ndani nikatia fulana laini ili isinichubue, pembeni vifungo viwili na mkanda wa kitambaa. Cha kwanza kilikuwa kibaya. Cha tatu nilikitazama nikakisifu. Nilishona vingi, kwa kuwa mwanzoni nilikuwa nabadilisha mara nane kwa siku. Poda ni kwa ajili ya mapaja, ngozi ilikuwa inatoka vipele. Ni ile ya watoto, kweli. Ya wazee haiuzwi.

Nilianza kuvianika ndani, chini ya dirisha, lakini chumba kikawa kinanuka na vitambaa havikauki. Ikabidi nivitoe uani. Nilivitundika katikati, nikazungushia mashuka nje ili visionekane. Lakini wewe umekaa Katuba, unajua kwamba huku kamba ya nguo inasomwa kuliko gazeti. Mama Kapinga alivumilia wiki tatu, kisha akaja akasimama mlangoni. "Baba Asha, miye ni muzazi, minajua ile bitambala ni ya nini. Kila siku minaiona pa kamba. Lakini kilio ya mutoto, hapana hata moja. Ule mutoto iko bubu?"

Nikamwambia. Ndiye mtu wa kwanza, nje ya hospitali. Hakucheka. Aliuliza kama nina sabuni ya kutosha, akaenda zake. Tangu siku hiyo akawa ananiletea ugali wa bukari na mboga ya sombe mchana bila ya kupiga hodi, maana kuinuka na kupika kulikuwa kunanifungulia mlango ule. Hiyo ndiyo siri yote ya sufuria.

Jambo moja nililiogopa kuliko njaa, nalo ni sala. Niliacha kwenda msikitini. Nilisali nyumbani kwa mashaka, naona kila rakaa inaharibika, narudia, inaharibika tena. Baadaye nikamwendea mwalimu wetu, nikamweleza nikiwa nimeangalia mkeka. Akasema nijisafishe, nifunge kitambaa barabara, wakati wa sala ukiingia nitawadhe na nisali mara moja, na kitakachodondoka hapo nimesamehewa. Akaniuliza ni nani amenishonea. Nikasema mimi. Akaangalia mlangoni, kisha akauliza kama naweza kumshonea vinne. Sitakutajia jina lake na wewe usilitafute.

Nisikufiche na la kwenye kizuizi cha barabarani. Vijana wenye bunduki walikuwa wamefunga barabara ya mjini, wakatushusha wote, wakatupanga na mikono juu wakipekua mizigo. Siku hiyo kitambaa changu kilikuwa kimeshajaa. Mikono ikiwa juu, tumbo linavutika, siwezi kukaza. Mkojo ukapita mpaka kwenye kanzu, mbele ya kila mtu. Yule kijana akacheka akawaita wenzake: "Angalia muzee, amekojoa juu ya woga!" Mama Asha, mimi sikuwa na woga. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Nilitaka kumwambia kwamba ni tezi, nina kovu, nimepasuliwa. Lakini utamweleza nini mtu mwenye bunduki kuhusu tezi? Nilirudi nyumbani kwa miguu nikakaa ndani siku nne.

Ni katika siku hizo nne ndipo Shomari alipofika na magunia yake ya dagaa. Alikuta nimelala. Nilimwambia nilikuwa na homa, basi. Alipitia uani kunawa, akakaa huko zaidi kuliko inavyohitajika. Mama Kapinga akaingia na sufuria, akatoka. Shomari akala nami, hakuuliza kitu, na jicho lake likawa linazunguka chumba kana kwamba anatafuta mahali alipolazwa mtu. Alipoaga aliacha juu ya cherehani miche miwili ya sabuni. Nilishukuru. Nilisema moyoni, Shomari amekuwa mtu mzima, anamkumbuka mgonjwa kwa sabuni. Sikufikiri kabisa kwamba huko kwetu sabuni anapelekewa mzazi! Nimelielewa hilo Jumatano ile, nikiwa na barua yako mkononi. Na ile sabuni nimefulia vitambaa hivyohivyo, kwa hiyo kwa upande mmoja haikupotea njia.

Sasa nakuja mahali pagumu. Ningeweza kukuandikia siku ileile kwamba Shomari amekosea. Sikuandika. Siku mbili za kwanza, nisamehe, nilijisikia vizuri. Nilitembea barazani kifua mbele. Huko Ujiji kuna watu wanaoamini kwamba Ramazani, na mvi zake, amepata mtoto mchanga! Nilitamani hata kumjua huyo mke wangu mpya. Siku ya tatu nikafikiri vibaya zaidi. Nikasema, akae akijua hivyo. Afadhali Mwamini aniite mwongo na mzinzi kuliko kuniona nimelala chali nafunga vifungo vya winda. Nikachukua karatasi, nikaandika kwa wino: "Mimi Ramazani bin Saidi wa Kasongo." Mkono ukaishia hapo. Sikufika kwenye neno lenyewe, wala sikulitamka, na nimemwuliza mwalimu kwa uhakika: wewe bado ni mke wangu kama ulivyokuwa.

Mama Kapinga alinikuta nimekaa na ile karatasi. Wao wanaondoka, wanarudi Kasai. Walivumilia kwa muda mrefu kutukanwa mabarabarani na kuambiwa waende kwao, na sasa mume amefukuzwa kazini, wamefunga mizigo. Alikuja kunirudishia kinu. Nikamweleza ulichoandika na ninachotaka kujibu. Alinishukia kama mama mkwe.

"Baba Asha, miye kesho kutwa minaenda. Nani atakuletea bukari? Unaona haya ya mukojo? Ule mwanamuke alikuzalia mutoto. Damu yake uliiona, kilio yake ulisikia. Alikuonea haya? Weye njo uko na kiburi. Banaume bote beko na kiburi. Mwandikie akuye hapa!"

Nikamwambia huenda ukanicheka.

"Acheke! Akishamaliza kucheka atafua."

Wameondoka juzi. Nyumba yao imefungwa kwa mbao na uani kwetu kumekuwa kimya.

Kwa hiyo nikujibu kuhusu lile la "usije." Mwanzoni nilisema kweli. Reli ilikuwa imekatwa na risasi zilikuwa zinapita juu ya mabati. Lakini tangu nilipopasuliwa nimekuwa nikijificha nyuma ya vita. Kila iliposemekana watapigana tena nilisikitika kwa ajili ya watu, na pembeni ya moyo nikashukuru kwamba nimepata la kuandika. Hilo ndilo kosa langu kwako, na ni kubwa. Mke wa pili ningekuwa na haki naye, lakini uongo huu sikuwa na haki nao. Naomba unisamehe.

Na hali yangu ya leo ni hii, bila ya kuongeza wala kupunguza. Kutoka vitambaa vinane nimefika vitatu. Asubuhi mpaka adhuhuri nakaa mkavu, kama sikupiga chafya na kama sikuinua pasi ya makaa. Nikikohoa, hutoka. Jioni misuli ikichoka, hutoka. Usiku bado ni bahati tu. Daktari anasema wengine hupona kabisa kabla ya mwaka kwisha, wengine hubaki na matone. Mimi hajui niko kundi gani.

Lipo na la chumbani, la mume na mke. Ilunga alipolitafsiri alikuwa anaangalia ukuta, maskini, mimi ni sawa na baba yake. Huenda likarudi, huenda lisirudi. Mpaka ninapoandika halijarudi. Ni haki yako kulijua, kwa sababu sheria inakupa nafasi, na mimi sitakwenda kwa kadhi kubishana nawe. Ukiisha kusoma haya ukaona bado unataka karatasi, niandikie neno moja tu, nitaileta kwa adabu wala sitamlaumu mtu. Nitaumia. Lakini nitaileta.

Ukiona vingine, njia ipo, na Shomari anaijua: meli mpaka Mpulungu, kisha malori ya Rhodesia hadi mpakani. Njoo na watu, usije peke yako. Sikudanganyi kwamba huku kuna usalama. Kwa sasa hawapigani, ndilo ninaloweza kusema. Vizuizi bado vipo, na bei ya unga ni ya kukufanya ukae chini. Kazi ninayo, kidogo. Kama mama bado hawezi kuachwa, kaa naye, nitangoja, na kungoja huko hakutakuwa na uongo ndani yake.

Msalimie mama sana, mwambie mkwe wake anamwombea mguu. Msalimie Asha, na mumewe mwenye mwandiko mzuri. Msalimie dada yako mkubwa aliyenipinga siku ya posa, na sasa najua anasema "niliwaambia." Mwalimu wa chuo mpe salamu zangu. Shomari mwambie nimemsamehe, ila amwambie kila mtu aliyemwambia, kwa sauti ileile. Ugonjwa usiwatajie. Waambie tu hakuna mtoto.

Jana nimelifumua godoro letu. Upande wangu, wa ukutani, nimeushonea turubai chini ya shuka, kwa mishono miwili, maji hayapiti. Upande wako sikuugusa. Hata nikilala peke yangu silali hapo. Nimeupapasa asubuhi hii kabla sijakaa kuandika, Mwamini, ni mkavu.

Mumeo,
Ramazani bin Saidi, Baba Asha.